Sauti ya Chakula

Nilikuwa na miaka 11 nilipomdanganya jogoo wa Bibi.

Katika vijiji vya delta ya Rufiji wageni huja na maji. Maji yakijaa, boti inatoka Nyamisati, inapita katikati ya mikoko na kuwashusha karibu na mlango wako. Yakitoka, wageni wamebaki, na mwenyeji ana saa chache za kuwapikia kabla hawajaondoka na maji mengine. Siku ile walifika saa sita mchana, watu wanne, waliokuja kutoa pole ya msiba. Bibi akatuagiza mimi na binamu yangu tumkamate jogoo mwekundu.

Kuku aliyezoea kuzurura hakamatiki saa sita mchana. Tulimkimbiza kutoka jikoni hadi kwenye minazi, kutoka minazini hadi ukingo wa shamba la mpunga, kisha akapanda juu ya makuti ya jiko na kutuangalia. Binamu yangu akaketi chini, anahema. Mimi nikaenda kuchukua kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Kila asubuhi na kila jioni Bibi alitia humo chenga za mchele, akalitikisa huku akipiga ulimi, krr-krr-krr, na kuku wakaja mbio kutoka pande zote, bata wakiwafuata nyuma kwa kuyumbayumba. Siku ile sikutaka kuingia ndani kuomba chenga mbele ya wageni. Nikatia makombe madogo niliyokuwa nimeyaokota ukingoni mwa mto. Nikatikisa. Nikapiga ulimi.

Jogoo aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Halafu akaruka chini, akaja moja kwa moja miguuni pangu, na binamu yangu akamdaka.

Bibi alisikia kopo akiwa jikoni. Alitoka, akawaona kuku wengine wamenizunguka, wanadonoa mchanga mtupu. Akaniuliza nimetia nini. Nikamwonyesha. Kwa kawaida Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Siku hiyo aliniita kwa jina langu.

"Sauti hii ni ya chakula," alisema. "Ukimwita kwa sauti hii halafu ukamchinja, umemla kwa uongo."

Akaingia ndani, akarudi na chenga mikono miwili, akawamwagia kuku waliobaki. "Hawa nao umewaita," alisema.

Jogoo alichinjwa nyuma ya nyumba, mbali na wenzake, ameelekezwa kibla, kwa kisu kilichonolewa vizuri. Nilipewa bawa. Nililila, na lilikuwa tamu.

Baadaye nilielewa kwamba Bibi alikuwa na sheria yake, ingawa hakuwahi kuiita sheria. Kuku wa kuchinja hukamatwa usiku, mahali anapolala. Ikibidi iwe mchana, watoto wamkimbize, kwa sababu mbio ni mbio na kuku mwenyewe anajua kwamba anakimbizwa. Asichokubali Bibi ni kumwita. Madrasani nilikuta wazo hilohilo katika kisa kinachosimuliwa juu ya Imamu Bukhari. Alisafiri mbali kwenda kupokea hadithi kwa mtu mmoja. Alipofika alimkuta mtu huyo anamvuta mnyama wake aliyetoroka kwa kumwonyesha nguo aliyoikunja kana kwamba ina shayiri ndani yake, na nguo ilikuwa tupu. Imamu akageuza njia, akarudi bila kuichukua hadithi. Mtu anayemdanganya mnyama, alisema mwalimu wetu, hatushindwi kumfikiria kwamba anaweza kumdanganya na Mtume.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilikutana na kuku mwingine, huyu wa Bertrand Russell. Yumo katika kitabu chake cha mwaka 1912, The Problems of Philosophy. Kuku huyo amelishwa na mtu yuleyule kila siku ya maisha yake, na kutokana na siku hizo zote anahitimisha kwamba kesho pia atalishwa. Kesho inafika, na mtu yule anamnyonga shingo. Russell alimtumia kuku kueleza tatizo ambalo David Hume alikuwa ameliona kabla yake: kutokea kwa jambo mara elfu si hakikisho kwamba litatokea mara ya elfu moja na moja. Darasani tulicheka. Mwalimu akatuonya tusiwe kama kuku yule tunaposoma takwimu zetu.

Mimi niliondoka na swali lililokuwa nje ya somo. Katika mfano ule mjinga ni kuku, na mfugaji ni kama hali ya hewa tu, kitu kinachobadilika bila kuulizwa sababu. Lakini yule ni mtu. Ndiye aliyemzoesha kuku kuja, siku baada ya siku, huku akijua mwisho wake. Kuku alikosea kukisia, sawa. Je, mtu yule alikosea nini?

Ninauliza kwa sababu siku hizi mtu yule ni mimi. Nyumbani kwa mama yangu Kibiti ninafuga kuku wa kienyeji na bata, na sehemu ya ada yangu hutoka bandani. Ninajua ninachouza. Mteja wa Dar es Salaam anayemtaka kuku wangu hanunui nyama tu. Kuku wa kisasa anayefika sokoni akiwa na wiki tano au sita ni rahisi zaidi na ni laini zaidi. Anayelipa bei kubwa kwa jogoo wa miezi sita ananunua ladha, na pamoja nayo ananunua hadithi kwamba kuku huyu aliishi, alichakura, aliota jua, alipanda mti. Nami ninaisimulia hadithi hiyo bila aibu, kwa kuwa ni ya kweli. Ila si kweli yote.

Mwaka 1965 kamati ya Brambell nchini Uingereza iliandika juu ya hali ya wanyama wanaofugwa kwa wingi, na kutokana na kazi yake zilizaliwa kanuni zinazojulikana duniani kama uhuru wa aina tano: mnyama awe huru na njaa na kiu, huru na adha ya mahali anapoishi, huru na maumivu na magonjwa, huru kuishi kwa tabia yake ya asili, na huru na hofu. Nikiwapima kuku wa Bibi kwa kanuni hizo, wanapata alama nzuri katika moja. Tabia yao ya asili wanaiishi yote. Lakini mwewe huwashukia mchana, kicheche usiku, na kenge hula mayai ya bata kabla siku 35 za kuatamia hazijatimia. Mwaka jana kuku wangu mmoja aliangua vifaranga 11, wakabaki wanne. Mdondo ukiingia kijijini unaweza kulimaliza banda zima ndani ya wiki moja, ingawa chanjo yake, inayotengenezwa Kibaha katika mkoa huuhuu wa Pwani, ni tone moja tu jichoni kila baada ya miezi mitatu. Na kuku huria hula anachokiona. Ndiyo maana wazee wetu, wakiufuata mwongozo wa dini juu ya mnyama anayekula uchafu, humfungia kuku kwa siku tatu na kumlisha chakula safi kabla ya kumchinja. Kwa hiyo hata huyu tunayemwita huru humalizia maisha yake kifungoni.

Sisemi haya ili kuwatetea kuku wa mabanda makubwa. Ninasema ili nisijifiche nyuma ya neno huria. Ipo hoja ya zamani, Leslie Stephen aliitoa kwa utani Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, kwamba mnyama wa kufugwa anafaidika na hamu yetu ya kumla, kwa kuwa tusingemla asingezaliwa kabisa. Yeye alimtaja nguruwe. Kwa heshima ya Bibi nitaweka kuku. Henry Salt alimjibu kwamba asiyekuwepo hana faida wala hasara, na huwezi kumtendea wema asiyekuwepo kwa kumleta duniani umle. Mimi hoja ya Stephen inanitia shaka kwa sababu nyingine, ya kawaida zaidi: inatolewa na mlaji, naye akishaitoa hujisikia ameshalipa.

Kilichonifundisha zaidi kuliko hoja hizo ni mafuriko.

Mwaka 2024 nilikwenda kufunga kumi la mwisho la Ramadhani kwa Bibi. Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili, mvua zilikuwa nyingi mno, na mto ulikuwa tayari umezidi. Ni mafuriko yaleyale yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti na kuzifikia habari za nchi nzima. Delta ina shida yake ya ziada. Ramadhani ilipokaribia kuisha, mwezi nao ulikuwa unakwisha, na mwezi mpya huleta bamvua. Maji ya mto yakishuka yakakutana na maji ya bahari yakipanda, na katikati yao ilikuwa nyumba ya Bibi.

Alfajiri, baada ya daku, maji yalikuwa yameingia jikoni. Wajomba walileta mtumbwi. Tulipakia godoro, mchele, Msahafu, sufuria, na matenga mawili ya kuku yaliyokuwa matupu. Kuku wenyewe walikuwa wametawanyika: wengine juu ya makuti, wengine kwenye mwembe, wengine kwenye kichuguu kimoja kilichobaki kikavu. Mjomba alisema tuwaache, watu kwanza. Alikuwa na haki. Bibi hakubishana naye. Alikaa ndani ya mtumbwi, akatoa kopo katika khanga yake, akalitikisa.

Sikutegemea kitu. Mvua ilikuwa inanyesha, maji yanavuma, na kuku huogopa maji. Lakini walikuja. Walishuka kutoka kwenye makuti, wakaruka kutoka kwenye mwembe hadi kwenye kichuguu, wakatujia mpaka ukingoni mwa mtumbwi, na tukawachukua mmoja mmoja na kuwatia tengani. Kati ya 17 tuliwapata 14. Bibi aliwamwagia chenga humohumo ndani ya tenga.

Bata sita hawakuja. Walitutazama tu wakiwa juu ya maji, kisha wakaelekea kwenye mikoko kama watu waliokwenda sikukuu. Vijana wa mjini wanaosema wanakula bata wakimaanisha wanastarehe wangewaelewa asubuhi ile. Wanne walionekana siku kadhaa baadaye kwenye uwanja wa jirani. Bata hawakuhitaji kumwamini mtu, maana walikuwa na miguu yao. Kuku hawakuwa na kitu kingine ila sauti ile.

Bibi na kuku wake wakahamia kwetu Kibiti. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wale 14 tuliwafunga kwa siku kadhaa mpaka walipozoea uwanja. Kisha tukawafungua, na Bibi akaanza tena na kopo lake, asubuhi na jioni. Kuku ninaowauza leo ni watoto na wajukuu wa wale 14.

Mwaka 2025, siku moja ya Jumatano, mnunuzi alikuja saa saba mchana na pikipiki yenye matenga. Alitaka majogoo 20, kila mmoja kwa shilingi 25,000, fedha mkononi. Alikuwa na gari la kuwahi kwenda Dar. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kulipa ada. Nilimwambia kwamba kuku wetu hukamatwa usiku. Alicheka, akaliona kopo limetundikwa kwenye msumari, akasema, "Dada, si uwaite tu?"

Bibi alikuwa amekaa barazani, anachambua mchele. Hakuinua macho.

Niliwaza haraka, kama mtu anavyowaza anapotaka kufika mahali fulani. Niliwaza kwamba siwachinji mimi. Niliwaza kwamba kosa langu la utotoni lilikuwa makombe, na kwamba nikitia chenga za kweli nitakuwa nimesema kweli. Nikatia chenga, tena nyingi. Nikatikisa, nikapiga ulimi, wakaja wote, nikawamwagia, na wakati wanakula mnunuzi na kijana wake wakawakamata majogoo 20. Laki tano. Ada ililipwa.

Jioni Bibi aliniuliza jambo moja tu. "Walikula?"

"Walikula, Bibi."

"Haya," alisema. Akarudi kwenye mchele wake.

Alikuwa amenijibu kwa njia yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipoona udogo wa hoja yangu. Nilikuwa nimeshika neno na kuacha maana. Siku ya mafuriko kuku hawakushuka kwenye mwembe kwa sababu ya punje za mchele. Sauti ile haikuwa inasema tu kwamba hapa pana chakula. Ilikuwa inasema: njoo, hapa nilipo mimi hapana baya. Bibi alikuwa ameisema kweli kila siku kwa miaka, ndiyo maana siku ya shida ilifaa. Mimi niliisema huku matenga yamefunguliwa nyuma yangu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba kuku hajui kuaminiana, kwamba ni mazoea tu. Nimelifikiria hilo. Ninapowakamata kwa ajili ya chanjo hunikimbia mimi kwa siku mbili, na siku hizohizo humfuata Bibi hadi mlangoni. Kwa hiyo wanatofautisha nani ni nani. Ukitaka kuliita hilo mazoea, liite, lakini ni mazoea yenye sura ya mtu fulani, na sehemu kubwa ya kuaminiana kwetu sisi wanadamu haizidi hapo.

Mwingine ataniambia, kama Kant alivyofundisha, kwamba ubaya wa kumtendea mnyama vibaya ni kwamba unamzoesha mtu kuwatendea hivyo wanadamu wenzake. Mwalimu wetu wa madrasa naye alikielekeza kile kisa cha Imamu huko. Ni kweli, lakini hakitoshi. Kinanifanya mimi kuwa ndiye mwenye hasara katika mambo yote. Jogoo mwekundu wa utotoni hakuwa mtihani wa tabia yangu. Alikuwa na njia moja tu ya kunijua, sikio lake, na mimi nikaitumia njia hiyo kumfikia. Wala haisaidii kusema kwamba hakuwahi kugundua. Kuku aliyedanganywa hafi na kurudi kuwaonya wenzake; kesho yake wenzake wanakuja vilevile, na kopo linafanya kazi vilevile. Ndiyo maana uongo huu ni rahisi kuliko mwingine wote. Hakuna atakayekukamata, na hakuna hasara itakayokufundisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa Russell ni dogo, nami ninajua kwamba ni dogo. Sijui kama kuna namna ya kumchinja kuku aliyekuzoea na ukabaki huna deni. Ninakula nyama, na sijaacha. Lakini kuua ni jambo moja na kudanganya ni jambo la pili, na la pili linaweza kuepukwa. Hatuwezi kumweleza kuku kwa nini anakufa. Tunaweza kuacha kumfanya imani yake iwe kamba ya kumvutia.

Siku hizi ninawaambia wanunuzi waje baada ya isha. Wengine wamekwenda kwa majirani na hawajarudi. Bei zetu zimebidi zipande kidogo, na muhula mmoja nilikopa ili nimalizie ada. Usiku ninaingia bandani na tochi ndogo. Kuku aliyelala hatapitapi sana, unamshika kwa mikono miwili, unambana mabawa, unatoka naye. Wengine hata hawaamki vizuri.

Na hapo pana jambo linalonisumbua. Banda nalo linawaambia kwamba hapa ni salama. Wanaingia wenyewe kila magharibi kwa sababu kicheche hawezi kuingia, na mimi ndiye niliyeukaza mlango. Nilimuuliza Bibi kama kuwatoa humo usiku si usaliti uleule uliovaa nguo nyingine. Alinyamaza kwa muda, akiendelea kupepeta.

"Kama tungekuwa na haki kamili juu yao," alisema, "tusingeomba ruhusa kwa bismillahi."

Kisha akaniambia niende kuwafungia, maana jua limeshazama na bata walikuwa bado nje.